Chaplin, Keaton au Tati: uanze na nani ukitaka kuchekesha bila kufungua mdomo

"Mjomba, nataka klipu moja isiyo na neno hata moja. Nimtazame nani?"

Aliyeuliza ni mpwa wangu, anayerekodi vichekesho kwa simu akiwa na wenzake wawili mtaani. Vichekesho vyao, kama vingi vya kwetu, vinaishi mdomoni: lafudhi ya kuigiza, jibu la papo kwa papo, neno lililopindwa maana. Zima sauti uone, hakibaki kitu. Hilo alikuwa ameligundua mwenyewe siku klipu yake ilipotazamwa ndani ya daladala, simu ikiwa kimya, na hakuna aliyetikisa hata bega.

Nikamjibu kwa swali: simu yako unaisimamisha au unailaza?

Alidhani namtania. Lakini watu wakilinganisha magwiji wa vichekesho bubu huishia kubishana nani alichekesha zaidi, ubishi ambao haumsaidii anayejifunza. Kinachomsaidia ni kujua kila mmoja aliiweka wapi kamera, na ndani ya fremu ile alimwachia nani kazi ya kuchekesha: mtu, dunia inayomzunguka, au umati. Ukishalijua hilo, simu yako yenyewe itakuchagulia mwalimu.

Chaplin: simu iliyosimama

Charlie Chaplin alizaliwa London mwaka 1889 na alikomaa katika kundi la Fred Karno, ambako vichekesho vya vitendo vilifanyiwa mazoezi mpaka vikawa na mapigo kama ya ngoma. Alipoanza filamu Marekani mwaka 1914 alikuja na ufundi huo wa jukwaani, na kamera yake kwa sehemu kubwa ilikaa kama mtazamaji aliyelipia kiti cha mbele: imetulia, inamtazama mtu mmoja kuanzia kofia hadi viatu. Fremu ndefu na nyembamba ya simu iliyosimama ina umbo la mtu mmoja aliyesimama. Huyo ndiye Chaplin.

Anza na The Pawnshop ya mwaka 1916, kama dakika 25 hivi. Chaplin ni karani wa duka la rehani. Anaingia mteja na saa ya mezani, moja ya zile zenye kengele. Chaplin anaipima kwanza kama daktari, kwa kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo. Kisha anachukua kifungulio cha makopo, anaikata mgongo, ananusa ndani na kukunja uso kama aliyefungua samaki walioharibika. Anavuta springi na kuipima kama muuza vitambaa anavyopima utepe. Mwisho anakusanya vyuma vyote, anavimwaga ndani ya kofia ya mteja na kutikisa kichwa: samahani, hatuichukui.

Saa muda wote ni ileile. Kinachobadilika ni mikono. Mikono ikiwa ya daktari, saa inaugua. Ikiwa ya mpishi, saa inaoza. Wala mteja haigizi kitu kingine zaidi ya kutazama kwa uso uliopigwa na butwaa. Kumbuka yule mteja, maana bila yeye kichekesho kingekuwa nusu: lazima awepo mtu mmoja anayejua kwamba ile ni saa.

Ufundi huohuo ndio uliomo katika kiatu cha The Gold Rush (1925). Njaa imewabana wachimba dhahabu wawili, kiatu kimechemshwa, na Chaplin anakila kama mgeni wa heshima mezani: kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi, misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa pipi nyeusi. Tunacheka kwa sababu adabu yake ni kamili. Angekula kwa pupa tungemwonea huruma tu.

Kwa anayeanza, mafunzo haya hayana gharama. Unahitaji meza, kitu kimoja cha nyumbani, na mtu wa kukushangaa. Mwiko, ndoo, pampu ya baiskeli, chochote. Jiulize mikono yako leo ni ya fundi gani, na kesho ni ya nani.

Ubaya wa kuanza na Chaplin ni kwamba watu huiga ganda. Wanavaa kofia, wanashika fimbo, wanatembea nyayo zimetazama nje, basi. Matembezi yale ni yake, yameshatumika zaidi ya miaka 100, na hakuna anayekudai uyarudie. Ubaya wa pili, na hapa wengine watanikasirikia, ni kwamba Chaplin anapenda sana kupendwa. Ukitazama filamu zake tatu mfululizo utaanza kumwona akikupelekea mkono kwenye machozi.

Lakini hata huko kwenye machozi kuna somo la ufundi ambalo sijaliona likizidiwa. City Lights (1931) ilipigwa kuanzia Desemba 1928 hadi Septemba 1930, na fundo mojawapo lililomtesa lilikuwa hili: msichana kipofu anayeuza maua atamdhania vipi mtu fukara kuwa tajiri, bila neno kusemwa? Jibu alilolipata ni mlango wa gari. Fukara anamkwepa polisi kwenye msongamano wa magari, anapita ndani ya gari la kifahari lililosimama na kutokea upande wa pili, kwenye njia ya miguu. Anafunga mlango. Msichana ameusikia mlango, basi kwake ameshuka tajiri. Muda mfupi baadaye mwenye gari anarudi, mlango unafungwa tena, gari linaondoka, na msichana anaamini tajiri ameondoka bila kudai chenji. Fukara anabaki palepale, ananyata asije akagunduliwa. Ni filamu isiyo na mazungumzo, na tukio lake kuu limejengwa juu ya sauti ambayo tunaiona tu.

Keaton: simu iliyolazwa

Buster Keaton alizaliwa Kansas mwaka 1895, na tangu utotoni alipanda jukwaani na wazazi wake katika onyesho ambalo baba alimrusha huku na kule kama furushi. Mtoto akajifunza mapema kwamba akiangukia mgongo kisha akatabasamu, watu hawacheki sana. Akiinuka na uso mkavu, ukumbi unapasuka. Uso ule akaubeba maisha yake yote ya filamu.

Wengi hudhani uso mkavu maana yake ni kutofanya kitu. Tazama macho. Macho ya Keaton yanafanya hesabu: yanapima umbali, yanatafuta mlango, yanagundua kwamba hesabu imekosewa. Kwa kuwa uso haukuambii ucheke lini, unalazimika kutazama mwili, na nyuma ya mwili kuna nyumba, treni, mto, upepo. Kichekesho cha Keaton ni mtu mdogo ndani ya fremu kubwa. Ukisimamisha simu unamkata mikono yote miwili.

Filamu yake ya kuanzia ni One Week (1920), dakika 20 na kitu. Maharusi wapya wamepewa nyumba ya kuunganisha, vipande vimo ndani ya makasha yenye namba. Mwanamume aliyekataliwa na bibi harusi anabadilisha namba. Nyumba inatoka imepinda kama taya lenye jino bovu. Mwishoni wanaikokota kuihamisha, inanasa juu ya reli, na treni inakuja. Wanaisukuma, haiendi. Wanakimbia pembeni, wanaziba macho. Treni inapita kwenye reli ya jirani bila hata kuigusa. Wanashusha pumzi, na sisi pia. Ndipo treni nyingine inatokea upande wa pili na kuisaga nyumba ikawa kuni.

Nimetazama kipande hicho mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu wanaonidai kazi, na kila mara nanaswa. Sababu ni kamera. Ipo mbali, ipo pana, haituonyeshi chochote kwa kidole. Angetuletea picha ya karibu ya nyuso zenye hofu, tungenusa kwamba tunatayarishiwa kitu. Yeye anatuacha tuone kila kinachoonekana, halafu anatufunga goli kutoka nje ya mpaka wa fremu. Kwa Keaton, kisichoonekana kwenye fremu ni kama hakipo mpaka kifike. Huo ni mchezo unaoweza kuuchezea uani kwenu: simu ilale, ikae juu ya tofali, isitikisike; mtu anayesubiriwa atokee upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama.

Kuna Keaton mwingine, wa hatari, na huyo nakuomba umtazame bila kumwiga. Katika Steamboat Bill, Jr. (1928) ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia; anabaki mzima kwa kuwa amesimama sawasawa na uwazi wa dirisha la juu. Ukuta ulikuwa wa kweli na mzito, na nafasi iliyombakia pande zote ni ya inchi tu. Katika Sherlock Jr. (1924), mfereji wa tangi la maji la reli ulimwangusha shingo juu ya chuma. Aliinuka akaendelea na kazi, na miaka ilipita kabla daktari hajamwambia kwamba shingo iliwahi kuvunjika. Vijana wengi wakilisikia jina la Keaton hukimbilia hapo. Lakini hatari haikuwa kichekesho. Kichekesho ni kwamba mtu aliyeponea dirishani hajui kwa muda kwamba ameponea.

Sherlock Jr. ina somo lingine, la uhariri. Mwonyesha filamu anasinzia, anaota ameingia ndani ya skrini, na mandhari yanambadilikia: anataka kukaa kwenye benchi bustanini, ghafla yupo barabarani, anataka kupiga mbizi baharini, anatua kichwa kwenye theluji. Mwili wake hauruki hata kidogo kati ya kipande na kipande, kwa sababu walipima umbali wa kamera na mahali alipokuwa kwa usahihi wa mpima viwanja. Leo unafanya kitu cha jinsi hiyo kwa simu na chaki ya kuwekea alama miguu. Filamu nzima ni kama dakika 45.

Mimi ni mtu wa Keaton, nisikufiche. Hata hivyo, kijana aliyeniuliza nilimwambia aanze na Chaplin. Keaton anataka nafasi, anataka eneo ambalo unaweza kulifunga watu wasipite, anataka mwili ambao umeanguka mara elfu kabla ya kamera kuwashwa. Chaplin anataka meza.

Kiti kimoja, watu watatu

Kabla sijafika kwa Tati, chukua tukio moja tulione kwa macho ya wote. Harusini, kiti cha plastiki kimepasuka mguu. Mgeni anataka kukikalia.

Chaplin angekijua kiti tangu mwanzo. Angekipapasa mguu kama mganga wa mifupa wa kijijini, angeufunga leso yake, angekibembeleza, kisha angemkaribishia yule mama mnene aliyemnyima pilau.

Keaton asingekijua. Angekaa, kiti kingevunjika, naye angeteleza na mstari mmoja ulionyooka chini ya meza hadi kutokea upande wa pili, amekaa vizuri kwenye kiti kizima cha mtu aliyeinuka kusalimia. Angeendelea kula.

Tati angekaa, na kiti kingelia. Kingelia wakati sheikh anasoma dua. Watu kumi wangegeuka, kila mmoja akimshuku jirani yake, na kamera ingekuwa mbali kiasi kwamba ungemtafuta Tati ndani ya picha bila kumpata.

Tati: usimtazame kwenye simu kabisa

Jacques Tati, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1907, alianzia kwenye kumbi za burudani akiigiza wanamichezo kwa mwili tu: mcheza tenisi, bondia, hata mpanda farasi pamoja na farasi wake. Alipofika kwenye filamu alimbuni Bwana Hulot, mrefu, suruali fupi, kiko mdomoni, ameinamia mbele kama anayetembea dhidi ya upepo. Kisha, kidogo kidogo, akamwondoa katikati. Katika Les Vacances de Monsieur Hulot (1953) bado tunamfuata yeye. Ikifika Playtime (1967) yeye ni mmoja tu wa wapita njia, na anayechekesha ni mji.

Kwa Tati sauti ndiyo mwigizaji mkuu, ingawa maneno hayana kazi. Katika Les Vacances, mlango wa chumba cha kulia hotelini unatoa mlio uleule kila unapofunguka mpaka mlio wenyewe unakuwa mhusika. Viti vya chumba cha kusubiri katika Playtime vinapumua ukivikalia na kujijaza tena ukiinuka. Katika Mon Oncle (1958), iliyopata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, kuna chemchemi yenye umbo la samaki bustanini: kengele ya geti ikilia, mama mwenye nyumba anakimbia kuifungulia maji, akiona aliyefika ni ndugu tu, anayafunga. Nani kati yetu hajui sebule inayowashiwa taa za mgeni?

Playtime aliipiga kwenye utepe mpana wa filamu, wa milimita 70, akajenga mji mzima wa kuigizia, na ikamfilisi. Ni filamu ninayoiheshimu kuliko ninavyoipenda. Ukiitazama kwenye kioo cha simu utaona watu wadogo wakitembea. Kama unafanya kazi na kikundi cha watu kumi, au unafundisha mchezo wa jukwaani shuleni, Tati atakufaa sana. Kama upo peke yako na simu, mwache kwanza, ila uazime kwake sauti moja: mlio mmoja tu unaorudi mara tatu.

Wengine, kwa haraka

Harold Lloyd utamkuta kwenye kila orodha kwa sababu ya saa anayoning'inia katika Safety Last! (1923). Alicheza kijana wa kawaida mwenye miwani, asiye na kituko chochote mwilini, na wakati huo mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umepoteza kidole gumba na cha shahada kwa bomu la maigizo mwaka 1919. Kuta alizopanda zilijengwa juu ya mapaa ya majengo ya kweli, ili barabara ionekane chini. Mtazame ujifunze jinsi hofu inavyorefusha kicheko. Zaidi ya hapo sioni kijana wa simu atapata nini kwake.

Marcel Marceau ni swali ninaloulizwa sana, maana jina lake ndilo linalokuja watu wakitaja maigizo bubu: uso mweupe, ukuta wa hewani. Ni fundi mkubwa, lakini wa jukwaa. Jukwaani hakuna ukuta, basi mikono yake inaujenga na tunauona. Kamera haina upole huo. Inaonyesha kwamba ukuta haupo, na jicho linachoka upesi. Filamu inapenda vitu vya kweli vinavyotendewa kama vitu vingine. Rudi kwenye saa ya Chaplin.

Mr. Bean wa Rowan Atkinson hahitaji kutambulishwa kwa mtu aliyewahi kunyolewa saluni yenye runinga. Kipindi cha kwanza kilirushwa Januari 1, 1990, na ndani yake kuna dakika chache za kusinzia kanisani ambazo ni shule tosha: kichwa kinashuka, mwili unafuata, magoti yanafika sakafuni, na muumini wa pembeni anajitahidi asione. Bean amechukua mengi kwa Hulot wa Tati, ila Atkinson anacheza karibu zaidi, usoni. Kwa simu iliyosimama anafaa sawa na Chaplin, na kwa mtu anayechoshwa na picha zisizo na rangi anafaa kuliko Chaplin. Hasara yake ni kwamba uso ule ni wa Atkinson peke yake. Ukiuiga unaonekana unaumwa jino.

Na Jackie Chan, ambaye kizazi chetu tulimjua kwenye vibanda vya video kama mtu wa ngumi, ni mwanafunzi wa Keaton aliye wazi kabisa. Katika Project A (1983) anaanguka kutoka mnara wa saa akipasua mapazia ya maduka, heshima kwa Lloyd na Keaton kwa pamoja. Angalia anavyoweka kamera: ngumi na anayeipokea wapo kwenye fremu moja, upana wa kutosha, hakuna kukata katikati. Kama mtaani kwenu kuna vijana wa sarakasi, pita kwake ndipo umfikie Keaton.

Kabla hujapakua

Filamu za Marekani zilizotoka hadi mwaka 1928 hakimiliki zake zimeisha nchini humo, kwa hiyo The Pawnshop, One Week na Sherlock Jr. zimejaa mtandaoni. Shida ni nakala. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi polepole kuliko kasi ya leo ya picha 24 kwa sekunde, na nakala mbovu hukimbiza kila mtu kama anayekimbia mvua. Wachekeshaji wenyewe waliharakisha kidogo kwa makusudi, hilo ni kweli, lakini ukiona mtu anapepesa mikono kama nyuki, tafuta nakala nyingine iliyosafishwa. The Gold Rush ina matoleo mawili: la 1925, na la 1942 ambalo Chaplin alilisimulia kwa sauti yake. Kwa anayejifunza mwili, chukua la 1925. Na kwa zote, zima muziki mara ya kwanza. Mara nyingi umewekwa na mtu asiyejua kicheko kinaanzia wapi.

Kitu kimoja wanakubaliana wote, Chaplin, Keaton, Tati, hata Bean: miguu inaonekana. Mtu anapochekesha kwa mwili, kicheko mara nyingi huanzia chini, kwenye kisigino kinachosita kabla ya uso kujua. Vichekesho vingi vya simu ninavyoletewa vinakata watu kiunoni, kana kwamba wote ni wasoma habari.

Mpwa wangu alichagua Chaplin na ndoo. Juzi usiku kanitumia jaribio la kwanza: ndoo ni mtoto anayebembelezwa, kisha ngoma, kisha kofia ya mzee wa kanzu, na dada yake amesimama pembeni anasubiri kwenda kuchota maji. Dada ndiye aliyenivunja mbavu. Nimemrudishia ujumbe mmoja tu: rudi nyuma hatua 3, miguu yake siioni.